Uzoefu wangu: usaili wa afisa masoko ya kidijitali, Tabora

Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya wenzangu wanaofanya kazi za masoko ya kidijitali wakiwa mikoani, hasa waliokwisha kuona tangazo la kampuni moja inayonunua na kufungasha asali ya Tabora, yenye makao makuu Dar es Salaam. Sitaitaja kwa jina. Asali yao sina neno nayo, kwa kuwa ni nzuri na mimi mwenyewe huinunua. Ninachotathmini ni namna wanavyoajiri, kazi ambayo sehemu yake waliikabidhi kwa wakala wa ajira. Kwa kipimo cha nyota tano ninawapa moja, na hiyo ni kwa sababu wakala alikuwa akipokea simu nikipiga, jambo ambalo si la kawaida katika soko letu la ajira.

Mchakato ulichukua miezi, lakini urefu wake si lalamiko langu kubwa. Kampuni inaweza kuchelewa kwa sababu za msingi, ikiwemo bajeti kutopitishwa au mkurugenzi kuwa safarini. Lalamiko langu ni kwamba walianza kutusaili kabla hawajaamua wanaajiri kwa kazi gani, na gharama ya kuamua wakatubebesha sisi waombaji.

Dalili zilikuwapo katika tangazo lenyewe. Cheo kilikuwa afisa masoko ya kidijitali, kituo cha kazi Tabora, na mshahara ulielezwa kuwa mnono bila tarakimu yoyote. Chini yake majukumu yaliorodheshwa: kusimamia kurasa za Instagram na Facebook, kuendesha matangazo ya kulipia, kupiga picha, kuhariri video, kutengeneza tovuti, kubuni lebo za chupa na, mwisho kabisa, kufuatilia madeni ya mawakala wa mauzo. Anayeendesha matangazo ya kulipia hushinda kwenye takwimu, akiangalia ni watu wangapi wameona tangazo, wangapi wamebofya na kila oda imegharimu shilingi ngapi, ilhali mbunifu wa lebo anashughulika na rangi, vipimo na kiwanda cha uchapaji. Anayefuatilia madeni ni mtu wa fedha, au angalau mtu wa pikipiki. Kuviweka vyote hivyo chini ya mshahara mmoja ni kumtafuta mtu ambaye hayupo.

Usaili wa simu ulipita salama. Uliofuata, kwa njia ya video, niliufanyia nyumbani Isevya nikiwa nimenunua bando la kutosha, na aliyenisaili alikuwa meneja mauzo, ambaye muda wote aliniuliza ningepataje mawakala wapya Kahama na Shinyanga. Nilimweleza kwamba hilo ni suala la mauzo ya ana kwa ana, na kwamba mchango wangu ungekuwa kuleta wateja wanaopiga simu wenyewe baada ya kuona tangazo. Alikubali kwa kichwa, akarudia swali lile lile kwa maneno mengine. Baada ya wiki kadhaa nikasailiwa na ofisa rasilimali watu, ambaye hakuwa na taarifa ya yale niliyojibu mwanzo, na yeye alitaka kujua zaidi kuhusu ubunifu wa picha. Nilipouliza kazi hasa ni ipi kati ya hizo, alinijibu, “Dada, sisi tunatafuta mtu wa kila kitu.” Katika mazungumzo hayo hayo nikafahamishwa kwamba huenda kituo cha kazi kikawa Dodoma.

Kisha ikaja kazi ya majaribio. Niliombwa niandae mpango wa kampeni wa miezi mitatu kwa bajeti ya shilingi 500,000 kwa mwezi, pamoja na machapisho yaliyo tayari kubandikwa, maandishi ya video fupi na kalenda nzima. Machapisho mengine yalitakiwa yawe ya mtandao wa X, ambao tangu Mei 2025 haufunguki kwa njia ya kawaida hapa nchini. Nikabaki kujiuliza kama aliyeandika agizo lile alikuwa na habari. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Nilionyesha kwamba katika ile 500,000, ukishaondoa VAT ya asilimia 18 inayotozwa kwenye huduma za kidijitali kutoka nje, fedha inayobaki kununulia matangazo ni takriban 424,000, na nikaigawa kwa kila wiki.

Kampeni yenyewe niliijenga juu ya jambo moja linaloisumbua biashara ya asali huku kwetu. Asali ikiganda, mteja wa mjini huamini imechanganywa na sukari, akairudisha dukani au akakaa kimya na kutonunua tena. Ukweli ni kwamba asali halisi huganda kwa kawaida, kwa kuwa glukosi iliyomo hujitenga na kufanya chembechembe, na chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, asali huyeyuka tena. Niliandika video ya mama anayeirudisha chupa kwa muuzaji pale sokoni, na muuzaji anamtengenezea mbele ya macho yake badala ya kubishana naye.

Wakati huo huo waliomba nyaraka. Vyeti vya shule na barua za wadhamini sikuwa na shaka navyo. Lakini waliomba pia nakala ya kitambulisho cha NIDA, taarifa ya benki na picha za skrini za akaunti za matangazo za wateja wangu, ili waone matokeo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu achukue zile tu zinazohitajika kwa lengo alilolitaja, na sioni taarifa ya benki ya mwombaji ambaye hajapewa hata ahadi ya kazi inahitajika kwa lengo gani. Taarifa ya benki sikuipeleka. Picha za skrini nilizipeleka nikiwa nimefunika majina ya wateja, nikaambiwa hazitoshi. Mtu anayetoa siri za wateja wake wa leo ili apate kazi atatoa na za kwenu kesho. Nilidhani mwajiri angeliona hilo kuwa sifa.

Usaili wa ana kwa ana ulifanyika Dar es Salaam, kwa nauli yangu. Kutoka Tabora nilipanda basi kupitia Itigi na Manyoni hadi Dodoma, nikaendelea na treni ya SGR, na kulala nilijigharimia pia. Mkurugenzi, ambaye ndiye niliambiwa angeamua, hakuwepo. Aliyekuwepo aliniomba nijieleze mimi ni nani, akaniuliza kama ninajua kutengeneza tovuti, akanishukuru. Kuhusu ile kazi ya majaribio hakuuliza lolote. Hapa ndipo mwombaji wa mkoani anapoumia zaidi kuliko wa Dar es Salaam, ambaye kwa usaili kama huo angepoteza nauli ya daladala na asubuhi yake moja.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Hatimaye wakala aliniandikia kwamba nafasi imesitishwa ili muundo wa idara upitiwe upya, na mimi naliamini jibu hilo, kwa sababu ndilo neno la kwanza la kweli nililolisikia tangu mwanzo. Ingekuwa vyema wangeupitia muundo huo kwanza. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi yanayotaja kazi, mahali pa kazi, saa na ujira. Mwajiri atakayelazimika kuyaandika hayo akishaajiri hashindwi kuyaandika kabla ya kumwita mtu atoke Tabora.

Muda si mrefu baadaye ukurasa wao ulibandika video ya mama anayerudisha chupa ya asali iliyoganda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu, na yeyote aliyewahi kuuza asali anajua habari ya kuganda, kwa hiyo wazo sitalidai. Maandishi ni suala jingine. Sentensi tatu za muuzaji zilikuwa zangu neno kwa neno, nami sikuwa mwajiriwa wao wala sikuwauzia. Nimewaandikia barua nikiambatanisha barua pepe ya awali yenye tarehe. Nimelipwa kiasi kidogo kwa maandishi hayo bila maelezo, kupitia simu, na video bado ipo.

Wapo watakaosema kwamba ofisa wa masoko anashika fedha za matangazo na nywila za kurasa, hivyo lazima achujwe sana. Nakubaliana nao. Lakini jaribio la saa mbili juu ya bidhaa ya kubuni, likifuatiwa na mazungumzo na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua, lingewaonyesha zaidi kuliko yote waliyoniuliza. Kwa anayetaka kuomba kazi hapo, maana tangazo limerudi tena likiwa na cheo kingine, nashauri simu ya kwanza aitumie kuuliza ni nani atakayekuwa mkuu wake, mshahara umepitishwa kiasi gani, kituo ni mji upi, na nauli ya usaili ni ya nani. Kazi ya majaribio aitume kama faili la kusoma tu, lenye jina lake kila ukurasa, na machapisho mawili ya mfano yanatosha.

Nyota moja kati ya tano.