Ramani ya Lushoto niliyonunua Posta

Nimenunua ramani ya ukutani ya Wilaya ya Lushoto kwenye meza ya vitabu pale Posta, Dar es Salaam, shilingi 12,000. Karatasi ngumu, maandishi yanasomeka. Kilichoniuma ni Bumbuli: wameichora kama tarafa tu, wakati ina halmashauri yake ndani ya wilaya hiyohiyo. Mgeni mwenye shughuli za Bumbuli akiifuata ramani hii atapandisha mlima mpaka Lushoto mjini kutafuta ofisi isiyomhusu. Kata za Mtae na Sunga zimekaa vizuri, nikamwonyesha mwanangu, mzaliwa wa Mbagala: hapa bibi yako anaongea Kisambaa, jirani yake Kipare, na Wambugu wana lugha yao. Vitongoji havimo kabisa. Wachapaji, rekebisheni Bumbuli, nitanunua nyingine.