Miwani yangu haikuwemo

Nilijiapiza kuwa sitaandika neno mpaka hasira zishuke. Zimekataa kushuka, kwa hiyo nisomeni hivyo hivyo.

Tuko wawili, mimi na mke wangu, na boti yetu ya tanga ndiyo nyumba yetu. Mbele ya mlingoti tumefunga chelezo cha kujiokolea, kile cha mpira kinachokunjwa ndani ya kasha jeupe. Ukivuta kamba, mtungi wa gesi unakijaza. Kila kipindi fulani lazima kipelekwe kwa mafundi wakifungue, wakijaze upepo, wapime mtungi, waondoe vilivyopita muda, kisha wakikunje upya. Mwenyewe huwezi kuchungulia. Kwa hiyo pale hununui kazi, unanunua uaminifu wa mtu.

Niliwapelekea chelezo changu mwaka juzi, au ule wa kabla yake. Nikawapa na kijifuko kisichopitisha maji, ndani yake miwani yangu ya kusomea na vidonge vya presha vya mke wangu, nikaomba vikunjiwe humo humo. Si jambo geni, mabaharia wengi hufanya hivyo. Kijana aliyenipokea, kalamu sikioni, akakipindua kile kijifuko mkononi. "Sasa mzee wangu, ukishaingia humo utasoma gazeti gani?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, na hicho kicheko changu ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Nilimweleza kwa upole kwamba maelekezo ya mle ndani yana herufi kama mayai ya chawa. Nikamwambia kuwa baharia Mmarekani Steven Callahan alikaa siku 76 ndani ya chelezo katika Atlantiki mwaka 1982, kikatoboka, akakiziba kwa mikono yake. Naye akanipiga na Fastnet, yale mashindano ya boti za tanga yaliyokumbwa na tufani mwaka 1979: boti 24 ziliachwa na mabaharia wake, 5 tu zikazama, zilizobaki zikakutwa zinaelea. "Chelezo chako ni boti yako, mzee."

Hapo sibishani naye. Maadamu boti inaelea, usitoke. Ila katika tufani ile ile washindani 15 walikufa, na wamo waliokufa baada ya chelezo chao kupinduka na kukatika. Nusu hiyo ya habari aliimeza.

Nilirudishiwa kasha limepakwa rangi linang'aa, mikanda mipya, na ile kufuli inayojifyatua yenyewe boti ikizama ni mpya pia. Cheti kina mhuri. Nikawasifu kwa kila niliyekutana naye gatini!

Katikati ya safari ndefu iliyofuata, usiku, mke wangu alikanyaga chini akakuta maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Ulikuwa mpira wa choo umechomoka, jambo la dakika chache ukishajua. Lakini hatukujua. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nikipapasa ndani ya ngama, kule chini kabisa ya boti, yeye kaketi sitahani, mkoba wa dharura mapajani, kamba ya chelezo kaizungusha mara mbili mkononi. Alikaa hivyo mpaka nilipomwita. Asubuhi alama ya kamba ilikuwa bado mkononi mwake.

Juzi juzi tu tulifika kwa mafundi wengine, bandari nyingine kabisa. Hawa wanakuacha uvute kamba mwenyewe. Nilivuta, kikafyatuka kwa kishindo, kikasimama imara na paa lake. Nikaingia kwa magoti kutafuta kijifuko changu. Hakimo. Mama fundi akanionyesha mfuko wa nailoni uliofunika chelezo: ulikuwa ule ule wa kiwandani, haujawahi kukatwa, umepasuka pale pale tulipovuta. Fataki za ishara muda wake ulikwisha kabla hata ya ule mhuri. Betri za tochi zimetoa ungaunga mweupe.

Yaani walipaka rangi kasha!

Sasa nigawe lawama kwa haki. Chelezo chenyewe ni kizuri mno. Hakijaguswa miaka yote hiyo, lakini kilijaa kwa mvuto mmoja na kikalala na upepo wake hadi asubuhi. Waliokitengeneza nawavulia kofia. Hata wale mafundi, nilipoanza kuandika nilitaka kusema wakimbieni kama ukoma, kisha nikafikiri: pengine kijana wa mapokezi hana kosa, pengine ni fundi mmoja mvivu kule nyuma, na ile kufuli walibadilisha kweli, hilo nawapa. Halafu nikakumbuka kuwa kila walichogusa kiko nje, ambako jicho langu linafika bila miwani. Hapana. Wakimbieni.

Niliwapigia. Sauti ikauliza, "Si cheti unacho?" Nikakata. Siku mbili baadaye likaja andiko la adabu: watakifanyia kazi bure nikikirudisha, na kijifuko wamekiona, kimo kwenye droo pamoja na miwani na vidonge vyote, niwape anwani ya nyumbani wakitume.

Anwani ya nyumbani. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sijawajibu.