Woka ya alumini ya kukunja: inafaa kwa goti jipya, lakini si kama inavyotoka dukani

Anayerudi Tanga baada ya kuwekewa goti la bandia, iwe amefanyiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili au hospitali ya KCMC Moshi, anafika nyumbani na uchovu wa safari ya zaidi ya kilomita 300, na kitu cha kwanza anachoulizia ni woka, yaani fremu ya kushikilia wakati wa kutembea. Inayopatikana kirahisi kwenye maduka ya vifaa tiba ni ile ya alumini, ya miguu minne, inayokunjika, isiyo na magurudumu. Ina uzito wa kilo 2.5 hadi 3 hivi. Nyingi hubeba mtu wa kilo 100 au zaidi, ila kiwango chenyewe kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu, kisomwe kabla ya kulipa.

Tunaikubali. Kasoro zake zinatengenezeka kwa pesa ndogo, na zisipotengenezwa ndizo zinazomwangusha mtu chini goti likiwa bado na uvimbe.

Ukaguzi uanzie palepale kaunta. Ikunjue pande zote mbili mpaka usikie mlio wa kufunga kila upande, kisha isimamishe juu ya sakafu iliyonyooka. Bonyeza kila pembe kwa kiganja. Mguu mmoja ukiwa unacheza, hesabu matundu ya urefu, kwa kuwa mara nyingi ni mguu mmoja tu umewekwa tundu la juu au la chini kuliko wenzake. Vitufe vyote vinne vinavyoshika urefu wa miguu lazima vichomoze kabisa nje ya tundu. Kitufe kilichochungulia nusu kitazama ndani siku mgonjwa atakapoegemea kwa uzito wote. Usikubali fundi aweke msumari badala yake.

Urefu ndio unaokosewa zaidi, na hapo lawama si ya woka. Mgonjwa asimame wima, amevaa viatu atakavyotembelea, mikono ikining'inia. Mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akishika kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Tundu moja huongeza au kupunguza kama sentimita 2.5. Ikiwa ndefu, mabega yanapanda na mikono inakosa nguvu ya kubeba. Ikiwa fupi, madhara yanakuja polepole: mtu anatembea ameinama, nyonga na goti vimekunjika kutwa nzima, na goti linazoea kutonyooka. Watu wanahangaika na kulikunja goti, wafike nyuzi 90, halafu 110, wanasahau kwamba goti lisilonyooka kabisa humwacha mtu anachechemea hata maumivu yakiisha. Kwa hiyo woka ya kuazima kwa jirani mfupi isitumike kabla ya kupimwa upya.

Raba za chini ndizo udhaifu mkubwa wa woka za bei ya chini. Nyingine ni ngumu kama plastiki na hazina washa (kisahani cha chuma) ndani, hivyo bomba la mguu wa woka linaikata raba kutoka juu. Kwenye vichochoro vyenye mchanga vya mtaa wa Ngamiani, Tanga, mifereji ya raba inasagika haraka. Ikishakuwa laini chini, au ukiona alama ya duara la bomba, badilisha zote nne pamoja. Nenda dukani na raba ya zamani mkononi: kinachotakiwa kulingana ni kipenyo cha ndani ya raba na cha nje ya bomba, na saizi za kawaida ni milimita 19, 22, 25 na 28. Vipande vya kandambili vilivyofungwa kwa waya havishiki kwenye vigae vyenye maji.

Mishikio ya sponji nayo haifai kwa joto la huku. Inanyonya jasho, inazunguka mkononi, inanuka. Kama bomba lina milimita 22, mshikio wa mpira wa baiskeli unaingia vizuri, na katika mji wa baiskeli kama Tanga hakuna sababu ya kuukosa. Kwa nyumba za karibu na bahari, Raskazone kwa mfano, alumini yenyewe haina tatizo kubwa. Chuma cha vitufe na springi zake ndicho kinachoshika kutu. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, na tone la mafuta ya cherehani litiwe kwenye kila tundu mara moja kwa wiki.

Sasa kuitumia. Woka inatangulia hatua fupi, miguu yake yote minne inatua kwanza, ndipo unafuata mguu wenye goti jipya, kisha ule mzima. Usiingie mpaka kifua kikaribie bomba la mbele, utaangukia nyuma. Kugeuka ni kwa hatua ndogondogo, woka kwanza mwili baadaye. Kuzungusha kiwiliwili huku mguu umekita chini kunalisokota goti. Wakati wa kuinuka kitini, sukuma mikono ya kiti. Woka ni nyepesi, ukiivuta inakuja na wewe.

Ngazi si mahali pake. Kizingiti kimoja cha mlango inakiweza: ukipanda, woka juu, mguu mzima, halafu wa operesheni, ukishuka, woka chini, mguu wa operesheni, halafu mzima. Mikeka na majamvi yakunjwe yawekwe pembeni. Kanga na kikoi vifungwe juu ya kifundo cha mguu, maana pindo hunaswa na miguu ya mbele. Ndala zisubiri, avae kiatu chenye mkanda wa nyuma.

Pima pia mlango wa bafu kabla ya kununua. Woka hizi huwa na upana wa sentimita 60 au zaidi kidogo kwa chini, na milango mingine ya mabafu haiipitishi. Hapo itabidi kupita kiubavu. Na woka haisaidii chochote kwenye choo cha kuchuchumaa. Kinahitajika kiti cha choo chenye mikono, cha chuma au mbao, miguu yake ikiwa na raba. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati ni hatari: tundu linakidhoofisha, miguu inatanuka sakafu ikilowa, na mgonjwa anashuka nacho.

Akianguka? Goti la bandia ni vyuma viwili na plastiki ngumu katikati, na watu hudhani kama chuma hakikuvunjika basi salama. Kinachoweza kuumia ni mfupa ulioshika chuma, kano zinazonyoosha goti, na mshono. Alale, mguu uinuliwe, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika 15 hadi 20. Ya kununua kwa wavuvi inafaa tu, ilimradi iwe kwenye mfuko usiovuja. Kisha jaribio moja: akiwa amelala, anaweza kuinua kisigino kitandani huku goti limenyooka? Akishindwa ghafla, au hawezi kukanyaga, au mshono umefunguka, au mguu umepinda, aende hospitali ya Bombo siku hiyohiyo akapigwe picha, na karatasi za operesheni ziende naye. Kumchua kwa mafuta au kumkanda kwa maji ya moto kabla ya picha kunaweza kusogeza mfupa uliopasuka na kuongeza uvimbe. Homa na usaha kwenye kidonda, au shavu la mguu lililovimba na kuuma, havisubiri kesho hata kama hakuanguka. Kifua kikibana na pumzi ikikata, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Woka yenye magurudumu mawili mbele tunaipendekeza tu kwa nyumba yenye vigae tupu na ua wa saruji. Kwenye mchanga gurudumu linazama, linakwama, mtu anaisukuma kwa nguvu, inaondoka ghafla.

Wengi huiacha woka baada ya wiki 2 au 3, wengine zaidi, mtaalamu wa mazoezi akiridhika kwamba hachechemei. Bakora inayofuata hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima; wengi huishika upande wa goti bovu, na huko ndiko kuchechemea kunakorudi. Woka ikibaki na hali nzuri inauzika, na anayenunua iliyotumika aanze kuangalia matundu ya miguu: yaliyotanuka na kuwa mviringo wa yai yana maana kitufe kinacheza ndani, na hilo halitengenezeki.