Kamba ya usumba ya Jambiani: ifumue kabla ya kuinunua

Kwa kufungia fito za paa la makuti au uzio, kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, inayosokotwa na kina mama wa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, inastahili fedha yake. Kabla ya kulipa, fumua ncha kiasi cha kiganja. Nyuzi ziwe ndefu na safi. Ukiona unga mwingi wa kahawia unamwagika mkononi, ujue makumbi yalifukuliwa mapema, na kamba hiyo itakatika ikibeba mzigo. Makumbi mazuri hukaa miezi 6 au zaidi kwenye mchanga unaofikiwa na maji ya bahari, ndipo yakapondwa, nyuzi zikaanikwa na kusokotwa kwa viganja.

Kamba hii nayo ina uchafu wake: maji ya mashimo yanamofukiwa makumbi hugeuka meusi na kunuka, kwani bakteria humaliza oksijeni. Lakini hakuna kiwanda wala meli ya kuileta, na ikichakaa huozea shambani. Kamba ya plastiki huanzia kwenye mafuta ya petroli, na jua letu huidhoofisha hadi inameguka vipande vidogo vinavyoishia baharini. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku hapa Zanzibar tangu 2006. Kamba za plastiki bado zinauzwa kila duka.

Kasoro: kwa unene ule ule, usumba hubeba uzito mdogo kuliko nailoni, tena huvutika. Usiutegemee kwa nanga ya boti kubwa. Ukifungia paa, loweka kamba kwanza ilainike, fundo likae vizuri.