Rangi na praima za makabati ya MDF na chipubodi: kipi ununue kwanza

Makabati mengi ya bei nafuu ni chipubodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi) au MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao) iliyovishwa melamini, yaani karatasi iliyoloweshwa gundi na kugandamizwa kwa joto. Uso huo ni laini na haunyonyi kitu, ndiyo maana rangi ikipakwa juu yake moja kwa moja hubambuka kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo bajeti ikibana, punguza kwenye rangi, usipunguze kwenye praima, yaani mpako wa kwanza unaoishikisha rangi.

Praima ya shelaki (utomvu unaotokana na wadudu) naiweka namba moja bila kusita. Inashika melamini, inazuia madoa ya mafuta yasijitokeze, na hukauka kwa muda mfupi. Uzuri wake mkubwa uko kwenye kingo. Kingo za MDF zilizokatwa hunywa maji na nyuzi zake husimama, lakini shelaki huyeyushwa kwa spiriti, si maji, kwa hiyo hazivimbi. Harufu yake ni kali na inashika moto upesi: fungua madirisha, zima jiko. Ya pili ni praima ya maji ya kushikia nyuso laini. Soma kopo uhakikishe limetaja melamini au laminati. Andakoti (rangi ya chini) ya kawaida ya mbao iache dukani.

Kwenye rangi ya juu, ningechukua enameli ya maji, yaani rangi inayokauka ikawa ngumu. Nyeupe yake hubaki nyeupe, na harufu ni ndogo. Ila kukauka si kukomaa: ukiigusa baada ya saa chache utadhani iko tayari, kumbe inahitaji wiki kadhaa kabla ya kuvumilia kusuguliwa. Rangi ya mafuta inafuata. Ni ngumu na inaficha alama za brashi, lakini nyeupe yake hugeuka njano, hasa ndani ya kabati kusikofika mwanga. Stika ya vinyl inamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kupaka rangi, ingawa karibu na jiko joto huilegeza pembeni. Rangi ya ukutani ya maji ndiyo ya mwisho kabisa, kwani haistahimili mikono yenye mafuta.

Ongeza sabuni ya kukata mafuta, msasa namba 150 na 220, na rola ndogo ya sponji. Osha kwanza, halafu ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unayasambaza mafuta kwenye mikwaruzo.

Kabla ya kununua chochote, bonyeza sehemu ya chini ya milango iliyo karibu na sinki. Chipubodi ikishavimba na kuanza kumeguka, hakuna rangi itakayoirudisha. Pesa hiyo weka kwenye mlango mpya.

Kwa milango iliyo mizima, jaribu praima upande wa ndani wa mlango mmoja. Iache ilale, bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Ikitoka na praima, bado hujaondoa mafuta yote, au umekosea kopo.