CoaguChek XS: mashine ya kujipimia INR nyumbani kwa wanaomeza warfarin

Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaishi na namba moja, INR, inayoonyesha damu yake inachelewa kiasi gani kuganda. Ikiwa chini ya lengo, damu inaweza kuganda mahali isipotakiwa. Ikipanda sana, hata kidonda kidogo au kujigonga kunaweza kuleta balaa. Kwa watu wengi lengo ni kati ya 2.0 na 3.0. Mwenye vali ya chuma ya moyo upande wa mitral (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) kwa kawaida huwekewa 2.5 hadi 3.5. CoaguChek XS ya kampuni ya Roche ni mashine ya kushika mkononi inayotoa namba hiyo kwa tone la damu ya kidoleni, kwa muda wa kama dakika moja. Tunaipendekeza, ila kwa watu wanaofaa tu na kwa wale walio tayari kujifunza kutoa tone zuri la damu, kwa sababu tone ndilo linalowaangusha watumiaji wengi.

Tuanze na wasioifaa. Anayetumia rivaroxaban, apixaban au dabigatran asiinunue. Dawa hizo, nazo za kuzuia damu kuganda, hazipangiwi dozi kwa INR, na namba itakayotokea kwenye kioo haitamwambia kama yuko salama. Mwenye antibodi za antifosfolipidi (kingamwili zinazoifanya damu igande ovyo) naye asiitegemee, maana huingilia kipimo na kutoa jibu la juu kuliko hali halisi, naye akapunguza dawa wakati anaihitaji. Stripu zenyewe, yaani vipande vyembamba vya kupokea damu vinavyoingizwa kwenye mashine, zimetengenezwa kwa damu yenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya 25 hadi 55%, hivyo mwenye upungufu mkubwa wa damu apimwe maabara. Wenye mikono inayotetemeka au macho dhaifu wanaweza kuitumia, mradi kuna mtu wa nyumbani aliyefundishwa pamoja nao.

Kila kopo la stripu huja na chipu yake. Chipu hiyo ndiyo inayoiambia mashine bechi ile imesawazishwaje na inaisha muda lini, kwa hiyo ukifungua kopo jipya, chomoa chipu ya zamani na uweke mpya, kisha hakikisha namba inayowaka kwenye kioo ni ileile iliyoandikwa kwenye kopo. Usichanganye stripu za makopo mawili hata kama zinafanana kabisa. Zitunzwe kwenye joto la 2 hadi 30 °C. Palipo na joto kali zinaweza kukaa kwenye friji, lakini zisiachwe kamwe kwenye gari lililo juani. Unyevu nao huziharibu: toa stripu moja, funga kopo papo hapo, na uitumie ndani ya dakika 10. Hapa mashine inastahili sifa. Ndani ya kila stripu kuna kidhibiti kinachokagua kama joto au unyevu umeiharibu, na ikiwa imeharibika mashine inakataa kutoa jibu badala ya kukupa namba ya uongo. Kwetu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuiamini.

Sasa tone. Osha mikono kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha ikaushe kabisa. Maji yakibaki kidoleni huizimua damu na kuharibu kipimo. Ukitumia spiriti, iache ikauke yenyewe kwanza. Ninginiza mkono chini ya kiuno kwa dakika moja hivi, ukisugua taratibu kuanzia kwenye kiganja kuelekea ncha ya kidole. Fanya hayo kabla ya kutoboa, si baada. Weka mashine mezani, mahali tambarare pasipotikisika, ingiza stripu na uisubiri ipate joto. Ikiwa tayari itakupa sekunde 180 za kuweka damu, ambazo zinatosha kabisa, kwa hiyo usitoboe kidole mapema.

Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati. Ubavuni maumivu ni kidogo na damu hutoka vizuri. Tone liwe moja, nene, lililosimama. Stripu inahitaji angalau mikrolita 8. Ligusishe kwenye stripu papo hapo, ndani ya sekunde 15 tangu kutoboa. Tofauti na mazoea ya baadhi ya wanaopima sukari, hapa tone la kwanza halifutwi, ndilo linalotumika. Sekunde hizo 15 zina sababu yake. Damu ikishatoka huanza kuganda yenyewe juu ya ngozi, na mashine inapima muda wa kuganda. Ukichelewa, unaipelekea damu iliyokwisha kuanza safari. Kukamua kidole nako ni kosa, maana majimaji ya nyama huchanganyika na damu yakiwa na vitu vinavyochochea kuganda.

Tone likiwa dogo, usiongeze la pili juu yake, na usiiguse stripu wakati kipimo kinaendelea. Itupe, kisha uanze upya kwa stripu mpya, sindano mpya na kidole kingine. Inauma kupoteza stripu, lakini jibu la kubahatisha lina hasara kubwa zaidi. Ikitokea herufi «c» pembeni ya namba, kausha mikono vizuri na upime tena. Ikirudi tena, damu yako huenda ni pungufu, na hilo ni la kumwambia daktari.

Mashine husoma kuanzia 0.8 hadi 8.0. Ndani ya lengo la kawaida tunaiamini. Juu ya 4.5 tunataka damu ya mshipani ipimwe maabara siku hiyohiyo kabla dozi haijabadilishwa sana, maana huko juu vipimo vya kidoleni huanza kuachana na maabara. Mwaka 2018 bechi nyingi za stripu za CoaguChek ziliondolewa sokoni kwa sababu zilitoa majibu ya juu kuliko ukweli, hasa juu ya 4.5. Tatizo lilikuwa kwenye usawazishaji wa stripu, na mtumiaji hakuwa na njia ya kuliona kwenye kioo. Ndiyo maana namba ya bechi iandikwe daftarini pamoja na jibu, tarehe na dozi. Mashine huhifadhi majibu, lakini haijui ulimeza nini.

Wala haikupangii dozi. Namba ya leo inaonyesha zaidi vidonge vya siku mbili tatu zilizopita, kwa kuwa warfarin haiyeyushi damu. Inalizuia ini kutengeneza vigandishi vipya, na vya zamani huchukua siku kadhaa kuisha. Anayeona 1.8 asubuhi na kuongeza kidonge, kesho akaona 1.9 akaongeza kingine, baada ya siku chache atajikuta kwenye 5. Kabla ya kununua mashine, kubaliana na kliniki kwa maandishi: upime mara ngapi (wengi hupima kila wiki), namba ipi inabadilisha dozi na kwa kiasi gani, na namba ipi ni ya kupiga simu mara moja. Tafiti zilizounganishwa zinaonyesha kwamba wanaojipima hupata madhara ya kuganda kwa damu kwa uchache zaidi, lakini kuvuja damu kwingi hakujapungua. Kwa upande huo mashine haikulindi peke yake.

Faida yake huonekana zaidi dawa nyingine inapoingia. Metronidazole, cotrimoxazole na fluconazole hupandisha INR ndani ya siku chache, ilhali rifampicin na carbamazepine huishusha. Ukianzishiwa mojawapo, mjulishe anayekupangia warfarin siku hiyohiyo, na mkubaliane siku za kupima hapo katikati, kisha tena dawa ikiisha. Paracetamol nayo, ikimezwa kwa dozi kamili siku kadhaa mfululizo, inaweza kuipandisha. Ibuprofen, diclofenac na aspirin ni hatari ya aina nyingine: zinaweza kusababisha kuvuja damu tumboni huku mashine ikionyesha 2.5 safi. Mboga za majani usiziache, ila kiasi chake kisipande na kushuka ovyo wiki hadi wiki.

Namba ikiruka bila sababu, angalia kidonge chenyewe. Rangi za warfarin hazifanani duniani kote: cha waridi Uingereza ni miligramu 5, cha waridi Marekani ni miligramu 1. Soma miligramu kila unapopokea pakiti mpya. Umesahau dozi na bado ni siku hiyohiyo? Imeze. Kukishakucha, iache, andika kwamba ilikosekana, na usimeze mbili kwa mpigo.

Kuna nyakati ambazo mashine haipaswi hata kutolewa kwenye mkoba wake: umegonga kichwa, kichwa kinauma ghafla kuliko kawaida, mdomo umepinda au mkono umelegea, choo ni cheusi kama lami, mkojo una damu, pua haikomi kutoka damu. Nenda hospitali. INR ya 2.4 haiondoi uwezekano wa damu kuvuja ndani ya fuvu.

Kila baada ya miezi 6 hivi, beba mashine, chipu na kopo lako uende maabara, ujipime palepale wakati ambapo damu ya mshipani inachukuliwa. Majibu ya siku mbili tofauti hayalinganishwi. Ikiwa uko ndani ya lengo na tofauti haizidi 0.5, endelea. Ikizidi, rudieni siku nyingine kwa stripu za kopo lingine, na hadi jibu lipatikane dozi ipangwe kwa namba ya maabara.