Kiraka kilekile mara mbili: uzoefu wangu na kifurushi cha kuzibia boti ya faiba

Niseme mapema ili wenye haraka wasisumbuke: vitu vyenyewe ni vizuri, maelekezo hayafai kwa joto letu, na rola iliyomo ndani wape watoto wachezee. Nyota tatu na nusu kati ya tano.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafia, si fundi. Boti ni ya ubia na shemeji yangu. Yeye ndiye nahodha, mimi ndiye ninayedaiwa. Ni ya faiba, futi 23, tuliinunua mkononi mwa mtu. Kusi ikivuma tunavua tunavyoweza, Oktoba ikifika tunapeleka wageni kuangalia papa potwe mbele ya Kilindoni. Mwishoni mwa Agosti kamba ya nanga ilikatika usiku, boti ikasukumwa mwambani na kupigwa hapo mpaka alfajiri. Tulipoifikia ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, imejaa maji, na ubavuni kushoto, nyuma kidogo ya omo, pana tundu refu kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Pembeni yake nyufa nyeupe zimesambaa kama miguu ya tandu.

Fundi wa faiba tuliyemzoea alikuwa safarini. Mwingine wa Dar alitaja bei ya ufundi peke yake, shemeji akacheka hadi akakaa chini. "Mwalimu, si unafundisha kemia wewe? Haya, kemia yako hiyo hapo." Ndivyo nilivyoingia.

Kifurushi nilikiagiza duka moja la Kariakoo, kikaja kwa gari hadi Nyamisati, kisha kivuko. Ndani mlikuwa na resini ya poliesta kilo 5, chupa ya hadena, mati mita 3 za mraba, kopo dogo la jelikoti nyeupe (ile rangi ngumu ya juu ya faiba), rola ya chuma, brashi mbili, vikombe na glavu. Kwa asiyejua, mati ni ule mkeka mweupe wa nyuzi za kioo zilizokatwakatwa, na hii yangu ilikuwa ya gramu 450 kwa mita ya mraba. Resini inafanana na asali nyepesi. Hadena ni kimiminika kama maji, tone kidogo tu ndilo linaloifanya resini igande. Hamkuwa na mzani, wala miwani, wala asetoni, kile kimiminika cha kufutia mafuta. Kumbuka hilo la mzani.

Boti tuliivuta juu kwa magogo siku ya bamvua, maji yalipojaa kabisa. Yakianza kufa, chombo kinabaki nchi kavu mpaka bamvua jingine, siku 14 au 15 hivi. Kwa hiyo tulikuwa na wiki mbili, na wageni wa Oktoba walishatanguliza nusu ya pesa.

Mara ya kwanza nilifanya kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Karatasi ilisema hadena asilimia 2, tena ipimwe kwa kifuniko cha chupa. Sasa kile kifuniko kinabeba kiasi gani, haikusema. Ilisema pia una dakika 20 za kufanya kazi. Sikuona maandishi madogo chini kabisa: vipimo hivyo ni vya nyuzijoto 15 hadi 20. Sisi tulikuwa saa saba mchana, jua la utosi, mchanga unaunguza nyayo. Nikachanganya nusu lita nzima kwenye kikombe. Naanza kupaka safu ya pili ya mati, kikombe kikaanza kuchemka mkononi. Nikakitupa. Kikatoa moshi pale mchangani, plastiki ikalegea, na ndani yake likabaki jiwe la rangi ya chai lililopasukapasuka. Shemeji aliuliza kama hiyo nayo imo kwenye mtaala.

Aibu yangu ni kwamba najua sababu. Resini inapoganda inatoa joto, na joto linaharakisha kuganda. Ikiwa nyingi kwenye chombo kimoja joto halina pa kutokea, inajipika yenyewe. Ikitandazwa nyembamba joto linapotea. Darasani ningekueleza vizuri sana.

Hata hivyo nilichanganya tena kidogokidogo, nikabandika safu nne, nikapaka rangi, nikajisifu. Baada ya siku mbili akapita mzee mmoja fundi wa majahazi, mtu ambaye hajawahi kupenda faiba hata siku moja. Shikamoo, marahaba. Akaomba sarafu. Nikampa ya shilingi mia mbili, akaanza kugonga ubavu pole pole: ti, ti, ti. Alipofika kwenye kiraka changu ikawa tu, tu, tu. "Mwanangu, ukinunua nazi si unaigonga? Hii haijashika." Akaingiza ncha ya kisu pembeni, akapindua mkono. Kiraka kizima kikaachia kama ganda la muhogo uliochemshwa.

Nilikuwa nimekibandika juu ya rangi ya zamani na chumvi. Msasa niliupitisha, ndiyo, lakini kidogo tu, mpaka paonekane safi. Karatasi ilisema "safisha eneo". Maneno mawili! Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe, kupaka resini ni saa moja tu ya mwisho.

Mara ya pili nilianza na maji baridi ya kisima, ndoo kwa ndoo siku mbili, kutoa chumvi, kisha jua. Asetoni ilinibidi niinunue kando. Nikafuta kwanza, kabla ya kusaga, kwa sababu ukisaga kabla ya kufuta unazisugulia nta na mafuta ndani ya faiba. Halafu grinda. Ubavu wetu una unene wa milimita 6, na kanuni ya mafundi ni kuteremsha mteremko wa mara 12 ya unene kuzunguka tundu lote. Hapo ni kama sentimita 7. Tundu linageuka kuwa sahani kubwa, unaona safu za zamani zimejipanga kama pete za mti uliokatwa, na moyo unakuuma kwamba unaiharibu boti zaidi. Endelea tu. Huo mteremko ndio unaoipa faiba mpya mahali pa kushika.

Katika kusaga nikakuta siri ya aliyetuuzia. Chini ya mstari wa maji kulikuwa na kiraka cha bodifila, ile ya magari, kimefunikwa rangi safi. Bodifila inanyonya maji. Yetu ilikuwa laini, unaitoboa kwa ukucha. Nikaitoa yote, nikagonga kwa sarafu mpaka mlio ukawa mmoja.

Onyo hapa. Vumbi la faiba ni upupu. Nilivaa mikono mirefu, barakoa ya vumbi na miwani ya maabara ya shule (mkuu akisoma, nimeirudisha), na bado usiku ule sikulala. Oga maji baridi mengi kabla ya kujisugua, usianze na ya moto. Miwani usiivue hata unapopima hadena: ile ni peroksaidi, tone moja likiingia jichoni linaweza kukupofusha. Weka ndoo ya maji safi karibu. Na harufu ya resini haizuiwi na barakoa ya kitambaa, kwa hiyo fanyia kazi nje na ukae upande unaotoka upepo.

Mzani niliazima kwa mama ntilie. Gramu 200 za resini kwa kikombe, si zaidi, na hadena gramu 2, yaani asilimia 1. Usishuke chini ya hapo kwa kutaka muda zaidi, maana haitaganda sawasawa. Kazi ianze saa mbili asubuhi umande ukishakauka, iishe kabla jua halijapanda. Kwa kipimo hicho nilipata kama robo saa kwa kila kikombe, ikatosha.

Ndani ya boti tuliegemeza kipande cha plastiki laini kilichopakwa nta, ili mati ya kwanza isianguke tunduni. Nilikata vipande saba, maana safu moja ya gramu 450 ikikauka inatoa karibu milimita moja, na moja niliiongeza kwa kuwa nitasaga juu. Mzee alitaka kipande kidogo kitangulie, karatasi ilitaka kikubwa. Nilifuata karatasi mara hii, kwa sababu kikubwa kinashika mteremko wote toka mwanzo. Mzee alinuna.

Kupaka kwenyewe kuna raha yake. Unalowesha ubavu kwanza, unalaza mati, unaigongagonga kwa ncha ya brashi, usiiburuze. Weupe unazama, nyuzi zinalegea, mkeka unageuka kama kioo cha chupa na unaona safu ya chini. Palipobaki doa jeupe kama jicho la samaki aliyekaangwa, pana hewa. Lifukuze kutoka katikati kwenda nje. Rola ilipaswa kufanya kazi hii, lakini mpini ulichomoka kwenye safu ya pili na meno yakajaa nyuzi. Brashi za kawaida, nywele zikiwa zimekatwa zibaki fupi na ngumu, zilinifaa zaidi. Safu tatu, subiri zipoe, tatu tena, subiri, kisha ya mwisho. Tulipotoa plastiki tukaongeza mbili kwa ndani, pana zaidi ya tundu.

Jelikoti ilinitia hofu. Asubuhi yake bado inanata kama jojo. Kumbe isiyotiwa nta haikauki usoni ikiguswa na hewa. Nikaikwangua, nikapaka upya, safari hii nikaifunika kwa nailoni iliyovutwa bila mikunjo. Kesho yake nikabandua, ngumu kama sahani. Karatasi haikutaja hilo kabisa, na ndiyo maana nimeinyang'anya nyota.

Mtu akikuuliza kuhusu epoksi, ile resini ya aina nyingine: inashika kuliko poliesta, lakini dukani bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili, na mati ya aina hii haipatani nayo vizuri, kwani gundi inayoshikanisha nyuzi hizo imetengenezwa iyeyuke kwenye resini ya poliesta. Ukienda na epoksi nunua kitambaa kilichofumwa. Ukishaitumia, usifikirie kurudi na poliesta juu yake, haitashika.

Siku ya 13 tulimwaga ndoo ishirini za maji ndani ya boti na kukaa chini ya ubavu tukitazama. Hakuna jasho. Bamvua likaja, tukashuka.

Sasa ni mwezi wa tano tangu tushuke. Tumeshapigwa na mawimbi ya mlango wa bahari wa Kinasi, tumebeba wageni, tumebeba mifuko ya saruji ambayo shemeji hakuniambia. Ngama inakusanya maji ya mvua na ya miguu ya abiria tu. Kiraka ni cheupe mno kuliko boti iliyobaki, unakiona toka gatini, na sarafu yangu ya mia mbili haijarudi: shemeji anaitumia kugonga kila kabla ya safari.

Resini imebaki kama kilo moja na nusu, iko kivulini, mbali na hadena. Aliye Kilindoni na ana ufa mdogo aje na kikombe chake kabla haijaanza kuwa nzito. Rola pia ipo, bila mpini.